Jino la Verlin na Bei ya Nguruwe

Jumatatu, 4 Juni 1934
Na bado nasema ni jino. Dada yangu Leota anadai ndoa ya wiki tatu imenipanda kichwani. Basi imepanda. Asubuhi nilimlalia Verlin shavuni, pale jikoni, nikasikia bei ya nguruwe ikitangazwa neno kwa neno, kutoka kwenye gego alilozibwa juzi. Mlingoti mpya wa redio uko ng'ambo ya barabara. Umetafuta Ohio nzima, ukamchagua mume wangu.

Baba hajakanyaga kwetu tangu harusi. Eti fundi wa piano kama Verlin hawezi kulisha hata kuku. Lakini Baba anafuga nguruwe. Mpango umeshakuja.

Jumatano, 6 Juni
Mazoezi. Leota alitega sikio, akasema anasikia uji wa shayiri ukishuka, basi. Wivu. Meno ya mumewe yamo ndani ya glasi.

Nimegundua siri: jino husema Verlin akikaa karibu na jiko la chuma tu. Joto, bila shaka. Ana taya zuri mno akiachama.

Jumamosi, 9 Juni
Baba amekuja. Nilimwahidi bei kabla ya majirani. Saa sita mchana Verlin kaachama kando ya jiko, Baba kainama kama anayekagua farasi. Bei ikatoka, safi. Machozi yalinilenga.

Baba akamwambia afunge mdomo. Bei ikaendelea. Akamtuma bandani kwa kuku. Bei ikaendelea. Akafungua mlango wa jiko. Mtangazaji akapaza sauti.

Nilitamani ardhi inimeze. Baba akavuta kiti. Akakiri kwamba seng'enge ya shamba lake inaimba tangu Mei, naye kanyamaza asije akaambiwa kazeeka. Akamwita Verlin: njoo ule, kijana, umeoa kichaa wa ukoo wetu. Wakala sahani mbili mbili. Akamtaka aje shambani, amwambie kama ile seng'enge inaimba sawa au inakosea sauti.

Jumapili, 10 Juni
Nimewaza ibada nzima. Ni dhahiri: jino limelifundisha jiko. Wiki moja tu, na tayari lina mwanafunzi! Mume gani mwingine anaweza?

Alhamisi daktari atamziba gego la kushoto. Ni zima, lakini Verlin ananipenda. Nimemwandikia Baba: kabla ya mwezi kuisha tutakuja kwako, na Verlin atakupa bei ya nguruwe kwa gego la kulia, ya ngano kwa la kushoto.