Kutolewa Nje ili Sanduku Lipunge Upepo

Matar Hamad, mwalimu mstaafu,
Nyumba ya ghorofa nyuma ya maduka ya vitambaa,
Mji Mkongwe, Unguja.

Kwa Mheshimiwa Sheha wa shehia yetu, Bwana Wakil,

Assalaam alaykum.

YAH: MASHINE YA KUHIFADHI PICHA KUNITOA NYUMBANI KWANGU

Natumai barua hii itakukuta ofisini, tena kwenye ubaridi. Mimi naiandika barazani kwa kuwa ndani siruhusiwi. Karatasi nimeiweka juu ya goti, na jasho limeshaharibu nakala mbili, kwa hivyo ukiona wino umetapakaa usidhani nimelia. Kulia bado.

Ili ulielewe shauri langu, nianze na mashine yenyewe. Ni sanduku jeusi la chuma, ukubwa wake nusu ya debe. Ndani mna diski nne zinazozunguka usiku na mchana, na nyuma mna feni ndogo ya kuzipoza. Aliileta mwanangu Sabri, anayefanya kazi Maskati, baada ya harusi ya dada yake Nadra. Mke wangu Mwanakheir alikataa katakata video za harusi zipandishwe kwenye mtandao, na mimi nilimuunga mkono. Mambo ya harusi za wanawake unayajua: buibui huachwa mlangoni, na kila aliyemo ndani amejipamba kwa ajili ya wanawake wenziwe. Picha hizo si za kutazamwa na mwanamme asiye maharimu wao. Sabri akasema basi zikae nyumbani, kwenye mashine yetu wenyewe, wala hazitatoka nje ya kuta zetu. Nikaona mwanangu ana akili, na hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho ya kumsifu katika barua hii.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo:

1. Mavazi ya mashine. Siku ilipowashwa, Mwanakheir aliuliza swali moja tu, kama wanawake wote wale wamo humo ndani. Sabri akajibu wamo. Basi ikafunikwa. Kwanza kwa kitambaa cha kufuma, kile ambacho kila nyumba inayojiheshimu hukiweka juu ya televisheni. Kisha ikaja kanga, doti nzima. Kisha mama mkwe wangu, Bi Ummkulthum, akashuka kutoka Kizimkazi na buibui lake la kamba la zamani, zito, akaivisha mashine mpaka chini, akaitia kwenye kabati la ukutani na kufunga mlango. Kila Alhamisi jioni huwekewa chetezo cha udi pale pale chini yake, kuikinga na husuda. Tangu hapo ndiyo yenye heshima kuliko sote nyumbani, na ndiyo yenye joto kuliko sote. Taulo langu la kuogea hukauka upesi zaidi kwenye mlango wa kabati lile kuliko juu ya paa.

2. Homa. Joto likizidi, mashine hulia na taa yake hugeuka nyekundu, kisha hupeleka ujumbe kwenye simu ya Sabri. Yaani mimi niliyejilaza chumba cha pili sina habari, na mtu aliye Maskati ameshajua kuwa kabatini kwangu kuna nyuzi sitini. Hupiga simu akamsihi mamake: ifunueni, iacheni mbali na ukuta, ipate hewa, diski zikiungua harusi yote imekwenda. Mamake humjibu, "Nshakusikia, baba," kisha humpa simu Bi Ummkulthum, naye humuuliza kama huko Maskati anasali. Baada ya mvutano mrefu pakapatikana suluhu. Mashine itafunuliwa ipunge upepo, lakini wakati ambao hakuna mwanamme ndani ya nyumba. Wanaume wa nyumba hii ni mmoja, naye ndiye anayekuandikia.

3. Kutolewa kwenyewe. Joto kubwa huja baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo mtu wa umri wangu hana haja nyingine duniani ila kujinyoosha. Nikishanawa mikono napewa mto wangu na kuonyeshwa mlango. Sikufukuzwa kwa ukali, la. Mwanakheir hunichagulia hata mto. Lakini barazani jua limeshageuka, na vespa zinapita karibu na vidole vyangu vya miguu. Muuza kahawa amenipa pole mara mbili, akaniusia nisikate tamaa, maana wake zetu hurudi nyuma hasira zikipoa. Juzi mtembeza watalii mmoja alisimama mbele yangu akawaeleza wageni wake kwamba kulala nje mchana ni mila ya wazee wa Mji Mkongwe. Nikafumba macho nisimwaibishe.

4. Kiyoyozi. Tulikuwa nacho kimoja, chumbani kwetu, na nilikitafuta kwa shida baada ya kustaafu. Sasa kimehamishiwa kwa mashine. Mimi na Mwanakheir tunalala na feni ya mezani ambayo inageuza shingo upande mmoja tu, na upande wenyewe si wangu. Nilipouliza kwa nini chuma kipate baridi na mwalimu aliyewafundisha jiografia nusu ya watu wa mtaa huu apate mbu, nikajibiwa kuwa mimi nikizidi joto naweza kwenda kuoga. Nikaenda kuoga.

5. Ufundi. Nilileta fundi wa kompyuta kutoka Darajani, kijana mwenye adabu zake. Hakuruhusiwa kuvuka pazia. Ikabidi amtibu mgonjwa asiyemwona, Mwanakheir upande wa ndani akimweleza kwa sauti kwamba ina mdomo chini na macho manne mbele, moja jekundu. Kijana akapenyeza brashi ya rangi chini ya pazia, akaomba wapanguse vumbi kwenye matundu ya feni. Brashi ikarudi imepakwa kitu cheusi kinachonukia vizuri mno. Baadaye tukampata Tahiya wa Mtoni, fundi wa kike, akaingia bila tabu. Akaifungua, akakuta feni imegandwa na masizi ya udi hata haizunguki. Akaisafisha, akatoa masharti: udi usikaribie, kabati libaki wazi, vitambaa vyote viondolewe. Walimshukuru, wakamfungia na visheti. Alipofika chini ya ngazi buibui lilikuwa limesharudi mahali pake.

6. Amana. Sasa habari zimeenea kuwa kwetu kuna mashine yenye stara kamili, inayolindwa na Bi Ummkulthum mwenyewe. Basi wanawake wa mtaa wanakuja kila asubuhi, eti wanaleta harusi zao nazo zihifadhiwe. Diski zinafanya kazi maradufu, joto limepanda, na saa za kupunga upepo zimeongezwa. Kwa hivyo asubuhi niko nje, mchana niko nje. Nasikia vicheko kutoka juu, vicheko vya watu waliokaa kwenye ubaridi wa kiyoyozi changu. Nyumbani kwangu naingia kwa hodi, na mara nyingine naambiwa ningoje.

Mheshimiwa, mimi si mpinzani wa stara. Nimelelewa katika stara na nitazikwa nayo. Lakini nimelifikiri jambo hili kwa utulivu, maana utulivu ndio kitu pekee ninachokipata kwa wingi barazani. Picha zimo ndani ya diski. Diski zimo ndani ya chuma. Chuma hakionyeshi kitu, na mwanamme anaweza kulitazama sanduku lile mpaka magharibi asione hata ukosi. Ikiwa na chuma nacho lazima kivishwe, basi tuvishe simu zote za mkononi. Tulivishe na kabati la ofisi yako, lenye nakala za vitambulisho vya wake zetu wote. Na wewe mwenyewe, unayeingia ofisini kila siku ukakaa na kabati hilo peke yenu, sijui tukuhesabu vipi.

Kwa hayo yote naomba mambo yafuatayo. Kwanza, utoe tamko kwamba sanduku la chuma si mwanamke. Pili, ukishindwa kulitoa tamko hilo, uliandikishe sanduku kuwa mkaazi wa shehia, na mimi uniandikishe kuwa mpangaji wake, ili angalau nijue haki zangu. Tatu, unipe barua ya utambulisho, yenye muhuri, inayoeleza kuwa Matar Hamad anajulikana kwako na anaishi kwenye nyumba anayoishi, niwe naionyesha mlangoni. Nne, na hili ndilo kubwa, ulichukue sanduku likakae ofisini kwako. Kiyoyozi chako kinawaka tangu asubuhi kwa ajili ya meza na kalenda ya mwaka juzi. Litapoa vizuri na halitamsumbua mtu.

Usidhani sijali kilichomo. Nadra ameolewa Pemba, na nyumba imekuwa kimya tangu aondoke. Mara moja nilimsikia Mwanakheir ndani akimtazama mwanawe kwenye video ile, anamjibu maneno aliyoyasema siku ya harusi. Diski zile zikiungua hatakuwa na kingine cha kumtazamia mwanawe. Ndiyo maana nataka mashine ipozwe inavyopaswa, kwa hewa, si kwa kunihamisha mimi. Nimechoka, Mheshimiwa, na mgongo unaniuma.

Nakuachia shauri hili nikiamini utalipima kwa uadilifu uliozoeleka. Wasalimie wote walioko ofisini, umsalimie na mkeo, ambaye namwona akipita hapa kila siku ila hana nafasi ya kuzungumza. Bi Ummkulthum angekusalimu lakini yuko na mgonjwa.

Ni mimi, mkaazi wako wa nje,
Matar Hamad

Nyongeza: Barua hii nilimpa Mwanakheir aikague, maana ndiye aliyekuwa akipitia karatasi zangu za mitihani kabla sijazipeleka. Aliisoma yote, hakukasirika. Akaniambia niingie ndani. Akaondoa buibui, akaondoa kanga, akaondoa kitambaa, akawasha televisheni.

Alinionyesha kipande kifupi tu, pale mpiga picha wa kike alipowaacha wanawake wenziwe ukumbini akatoka uani kupiga picha sufuria za biriani. Bwana Wakil, utakumbuka kuwa siku ile wanaume wote walikwenda kwa bwana harusi, sisi wawili tukasema tunabaki kulinda moto. Ngoma ya ndani ilikuwa ikisikika vizuri. Mzee aliyejifunga kanga kiunoni juu ya kanzu, akikata mauno mbele ya jiko, ni mimi. Anayempigia mfuniko kwa upawa, amejitanda kitambaa cha meza na kupiga vigelegele, ni wewe.

Mwanakheir alinieleza taratibu. Wao wanawake kitambaa cha kufuma kingewatosha. Buibui lilikuwa la kutusitiri mimi na wewe. Na wale wanaokuja asubuhi hawaleti amana yoyote, wanakuja kututazama, na anayewahi kuliko wote ni mkeo. Walikula kiapo kuwa video ile isitoke ndani ya nyumba hii wala sisi tusijue, tusije tukashindwa kukaa safu ya mbele msikitini.

Sitakuficha, kwa muda nilifikiri kuufunga mlango wa kabati, nizime kiyoyozi, nimwachie Mungu na nyuzi sitini. Kisha kwenye televisheni akatokea Nadra, amemkumbatia mamake, wanalia wote wawili. Nikamtazama Mwanakheir, ambaye miezi yote hii nimemnung'unikia naye kanisitiri, nikaona haya kuliko nilivyoona haya kwa yale mauno. Nikachukua brashi nikapangusa feni mwenyewe.

Kwa hivyo barua hii ichane, muhuri wako uweke, na ofisini kwako sanduku lisikanyage. Leo mchana nimetoka nje bila ya kuambiwa. Njoo na wewe, nimekuwekea nafasi upande wa kivuli, maana kuanzia sasa wanaume wa kutoka nje ili sanduku hili lipunge upepo ni wawili.