Aliyepanga Mzigo Ndiye Mwenye Kosa

Jumatatu, 1 Julai 1957. Handeni.

Naandika hapa kabla sijaitamka mbele za watu: ekseli ya tela ikizidi uzito, mwenye kosa ni aliyeupanga mzigo, si dereva, si mwenye gari, wala si barabara. Nimesoma sheria, mantiki, na sehemu kubwa ya kitabu kimoja cha mitambo. Hoja haina ufa.

Chanzo ni lori la mkonge la kampuni yetu, ambako mimi ni karani, lililozuiwa Jumamosi kwenye mizani ya Korogwe na kurudishwa na mzigo wake. Uzito wote ulikuwa halali. Ekseli ya nyuma ya tela peke yake ndiyo iliyozidi. Dereva Ponsiano huenda akanyang'anywa leseni, naye ana watoto sita. Bwana Meneja ataisikiliza kesi Alhamisi. Nafasi ya karani mkuu wa Korogwe iko wazi. Mtu mwenye akili huona uhusiano.

Jumanne, 2 Julai.

Mkosaji nimemtambua: Sadala, mnyapara wa wapakiaji. Nimemwendea ghalani nikamwarifu kwamba nitamshitaki. Akacheka. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua. Tu watani, na matusi ya mtani hayana faini. Akauliza kama kule chuoni nilifundishwa kubeba robota hata moja. Nikamjibu kwamba punda naye hubeba, lakini haitwi mhandisi. Wapakiaji walishangilia. Sijajua walikuwa upande gani.

Jumatano, 3 Julai.

Ponsiano amekuja kunishukuru, kofia mkononi. Akaongeza kwa woga kwamba labda nipunguze ukali, maana Sadala alisema jambo siku ya kupakia. Nimemwambia kauli ya mtani si ushahidi. Nimeifanyia hotuba mazoezi mara nne. Mara ya tatu nilitokwa na machozi.

Alhamisi, 4 Julai.

Ushindi. Nimesema kwa dakika arobaini. Bwana Meneja alitazama saa mara mbili, kwa kuguswa. Akatamka kwamba hoja yangu ni sahihi. Ponsiano hana kosa, na polisi wataandikiwa hivyo. Ponsiano alilia.

Kisha Bwana Meneja akauliza ni nani aliyeupanga mzigo. Sadala akaenda mlangoni mwa ghala, akabandua karatasi: Mpango wa Kisayansi wa Kupakia Tela, kurasa mbili, mwandiko wangu, sahihi yangu. Niliagiza theluthi mbili za marobota yakae nyuma, ili lori lisilemewe mlimani.

Sadala akaeleza kwamba siku ile alinionya: "Mtani, tela hili litakaa chini kama Mzigua aliyeshiba." Nami nikamjibu kwamba Mnyamwezi hujua uzito wa ugali tu. Nakiri. Ulikuwa utani mzuri. Nani angeudhania onyo?

Ukarani mkuu amepewa mtu wa Mombo asiye na cheti. Mimi nitapanda juu ya tela hadi Korogwe, nikayapange marobota upya mbele ya mizani. Hata hivyo, hoja imepita bila kupingwa na yeyote. Hata nami sikuweza kuipinga.

Ijumaa, 5 Julai. Korogwe.

Nimesukuma marobota sita, Sadala akinihesabia kwa sauti, Ponsiano akinisaidia bila kuombwa. Mpimaji ameturuhusu. Mgongo haunyooki, lakini hoja imesimama.

Jumamosi, 6 Julai. Handeni.

Nimebandika Mpango wa Pili. Marobota karibu yote sasa yatakaa mbele. Sadala ameusoma, akasema, "Mtani, tela litainama kama mkwe anayesalimia." Nimecheka sana, nikamjibu kwa utani bora zaidi. Tunapakia Jumatatu.

Chini ya Mpango nimeandika hivi: namtaka Sadala, au mwingine yeyote anayejiona ana kichwa, ajibu hadharani, kwa maandishi, kwenye mlango huu huu, kabla lori halijaondoka. Onyo likija limevaa utani, mwenye kosa ni nani: aliyelicheka, au aliyelivika?