Taa Saba na Mistari Mitatu

Jumanne, 2 Septemba

Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya halmashauri, hapa Nchelenge. Kuna watu Lusaka wanatengeneza spektrografu ya darubini itakayokaa angani. Hicho ni kifaa cha kuchana mwanga: unaingia mweupe, unatoka rangi zake zimepangwa, na kati ya rangi kuna mistari. Wanatafuta fundi mmoja wa huku ziwani akakae nao miezi mitatu, awasaidie kukipa kifaa vipimo vyake. Fundi mmoja. Mimi natengeneza redio na simu sokoni mwaka wa kumi na nne sasa. Nimemwambia mke wangu, Aurélie, apige pasi shati la bluu. Ameuliza mtihani ni lini. Jumamosi. Amesema shati litakuwa limekunjamana tena kabla ya hapo.

Mtihani wenyewe: utengeneze spektrografu yako kwa vitu vya nyumbani, kisha upime taa atakayokuja nayo Dokta Mwaka, mkuu wao wa Lusaka, na kutaja urefu wa mawimbi ya mistari yake mitatu. Tuliojiandikisha ni wawili. Mimi, na Misozi, mwalimu wa kike wa sayansi kule Kabuta.

Jumatano, 3 Septemba

Kifaa tayari. Katoni ya biskuti, kipande cha CD, nyembe mbili zilizoachiana ufa mwembamba, na simu ya kupiga picha. Rangi zinaonekana vizuri. Lakini ni rula isiyo na namba. Ili uiwekee namba unahitaji taa ambayo mistari yake inajulikana. Zile za zamani za mrija uliojikunja, hapa wanaziita saver, zina zebaki ndani: mstari wa bluu nanomita 436, wa kijani 546. Weka alama hizo mbili, nyingine utazijaza mwenyewe. Taa za kisasa hazisaidii. Rangi tupu zimetandazwa, hakuna mstari.

Saa nne asubuhi nikapata wazo. Siku hizi nani bado anauza saver? Nikazunguka maduka yote ya Nchelenge na Kashikishi. Zilikuwa saba. Nikanunua zote, nikawaomba wauzaji wasinitaje jina. Sijamnyima mtu kitu. Nimenunua tu.

Aurélie ameuliza nyumba ya vyumba viwili ina kazi gani na taa saba. Nimesema sayansi.

Alhamisi, 4 Septemba

Misozi amekuja dukani kwangu kwa baiskeli, kutoka Kabuta, vumbi hadi magotini. Ameshazunguka maduka yote. Kila mahali wanamwambia kuna bwana alipita jana.

"Ba Guylain, saver iko? Moja tu. Nitarudisha leo leo."

Huku Ba ni neno la heshima. Nikasema haiko. Nikaongeza kwamba inasikitisha jinsi vitu vizuri vinavyopotea siku hizi. Hapo nilizidisha.

Akaomba maji, akanywa. Akauliza mimi naweka alama zangu kwa kitu gani. Nikasema kwa kukadiria. Akanihurumia kabisa. Akasema akipata taa popote ataniletea, nami nitumie. Kisha akapanda baiskeli.

Mchana sikula vizuri. Nafikiri samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Ijumaa, 5 Septemba

Kati ya taa saba, nne zimekufa. Tatu zinawaka. Nimeweka alama kwa wino, taratibu, bila kupumua. Kisha nikajijaribu kwa mstari wa manjano wa taa hiyohiyo, ambao unajulikana kuwa 578. Kifaa kikasema 578. Nikakaa nikakitazama karibu robo saa. Sijawahi kutengeneza kitu kinachosema kweli namna hiyo.

Tatizo moja. Kesho Misozi atakuwepo ukumbini, na mimi sina saver. Yaani, nilimwambia sina. Kwa hiyo taa zinabaki chini ya kitanda. Haina neno. Alama zimeshaandikwa, na wino haufutiki.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika polepole.

Nilikwenda kwa teksi ya baiskeli, katoni mapajani, barabara ile ya mashimo. Ukumbi wa halmashauri. Dokta Mwaka ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akawasha taa yake, akasema tuna nusu saa.

Misozi hakuitazama hata kidogo. Aliwasha kibatari cha spiriti, akanyunyizia chumvi ya samaki kwenye moto. Moto ukawa wa manjano. Akaweka alama: 589. Kisha akageuza katoni yake dirishani. Kumbe mwanga wa jua una mistari myeusi iliyopimwa tangu zamani. Akaweka alama ya pili na ya tatu. Nikawaza kwamba anapoteza muda. Mimi nilikuwa nimeshaandika majibu yangu: 475, 530, 696.

Dokta Mwaka akayasoma. Akaniuliza kama nimekipima kifaa tangu nifike. Nikasema nilikipima jana, nyumbani, vizuri sana. Akaniambia bila ukali kwamba ndiyo maana darubini hupanda angani na taa yake yenyewe. Roketi hutikisa, baridi ya kule hukaza chuma, na alama zilizowekwa chini hazifai tena. Nikafungua katoni. Kipande cha CD kilikuwa kimeteleza, upana wa punje ya mchele. Basi.

Misozi akasukuma chumvi yake upande wangu. Nikamwambia nashukuru, mimi niko sawa.

Ndipo Aurélie alipotokea mlangoni, karai kichwani, jasho usoni. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani. Huniita kwa jina la mtoto wetu, Bénie.

"Papa Bénie, ulisahabu mataa yako. Niliona iko mu karton chini ya kitanda. Nimeleta yote."

Akatua karai mezani. Saba.

Misozi alizitazama moja moja. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kumbe zilikuja kwenu," akasema.

"Ndiyo, Madam."

Dokta Mwaka akatazama saa yake, akasema zimebaki dakika tisa na soketi iko ukutani. Nikachomeka taa. Mkono mmoja uishike taa, wa pili uishike simu, wa tatu uandike, na mimi ninayo miwili tu. Mistari ikarukaruka kwenye kioo. Misozi akainuka, akaja, akachukua taa mkononi mwangu.

"Andikeni, Ba Guylain. Mi nitashika."

Akasimama amenyoosha mkono mpaka nilipomaliza. Sikuweza kumtazama.

Majibu sahihi: 447, 502, 668. Yeye alipata yote matatu. Mimi mawili. Anakwenda Lusaka.

Njiani, kwenye soko la samaki, Aurélie akatua karai. "Ule mutoto wa bantu alikushikia taa," akasema. Nikasema ndiyo, Misozi alinishikia. "Niliona," akasema.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nilikwenda Kabuta na zile taa tatu zinazowaka. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, sehemu nne. Nilipofika nikasema tu: nilikudanganya, Madam, hizi ni za wanafunzi wako. Akazipokea kwa mikono miwili. Akasema hata kifaa chake kiliteleza njiani, tena zaidi ya changu, ila yeye alijua kitateleza. Mama yake akanipa chai na mihogo.

Nilirudi nikiwa mwepesi. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 29 Septemba

Misozi amepiga simu kutoka Lusaka. Kazi inaendelea. Sasa wanatafuta msaidizi wa kusoma picha za taa kwa kompyuta, akiwa hukuhuku ziwani, na amenikumbuka mimi kwanza. Fomu iko kwenye mtandao, mwisho Jumamosi. Amemwambia pia Ackson, fundi wa injini za mitumbwi kule Puta, kijana makini asiye na kompyuta. Atakuja kutumia ile ya maktaba. Ni hiyo moja tu hapa mjini.

Mtu mwema sana, Misozi.

Jumatano, 1 Oktoba

Fomu nimeijaza jana kwa dakika arobaini. Swali la mwisho linauliza umejifunza nini katika kufanya kazi na wengine. Nimeandika: kuazimana vifaa.

Jina langu liko kwenye daftari la zamu za kompyuta ya maktaba tangu jana asubuhi hadi Jumamosi jioni. Kila saa. Sikumfukuza mtu. Niliandika tu.

Ackson amepita mara mbili. Nimemwambia bado nahariri.