Mmeniharibia Mkwe Wangu

Kwa Meneja wa Utumishi,
Kiwanda cha Kufulia Mashuka ya Hospitali na Hoteli.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na ukiwa umeketi, maana ina mambo mazito. Mimi ni mama mkwe wa yule fundi wenu wa mitambo aliyekuwa sajini jeshini, ambaye hapo kwenu mnamwita Afande. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali, na malalamiko ya watu yamepita mikononi mwangu mpaka vidole vikaota sugu. La kijinga nalijua nikiliona tu. Hili langu si la namna hiyo, kwa hiyo naomba usilitupe kwenye ile trei ambayo kila ofisi inayo na hakuna anayeifungua.

Nakuandikia kulalamika rasmi kwamba kiwanda chako kimemharibu mkwe wangu, na kudai arudishwe nyumbani katika hali mliyompokea.

Usije ukasema hukujua ulipokea kitu gani. Mkwe alitoka jeshini na sanduku la bati, goti bovu na tabia ya kukaa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kutwa nzima, ameukazia macho ukuta wa jirani. Ukimwuliza atakula nini, anajibu, "Chochote." Ukimwuliza kama ameshiba, anajibu, "Tayari." Mlango ukibamizwa na upepo, kabla hujageuka yeye yuko chini ya meza. Binti yangu ni mshonaji na wateja wake wote wana haraka. Akashindwa kushona huku anamchunga mume. Akanipigia simu akasema, "Mama, njoo." Sikuuliza kitu, nikafunga mzigo.

Nikaja, nikashika nyumba. Funguo za kabati zikahamia kiunoni kwangu, wajukuu wakajifunza kunitii, na mkwe akawa mkwe wa kupigiwa mfano: hanipingi, hanitazami usoni, jikoni haingii. Ni wanawake wangapi wa umri wangu waliojaliwa mkwe wa aina hiyo? Na mtu kama huyo ndiye mliyeamua kumtengeneza.

Nayapanga malalamiko kwa namba, kama nilivyozoea kazini.

1. Mlimnyima geti.

Waajiri waliowatangulia walijua namna ya kumsaidia mwanajeshi aliyerudi uraiani. Wa kwanza, kampuni ya vifaa vya ujenzi, walimfanyia hafla. Walipuliza maputo, wakatundika bango la "Tunawathamini Mashujaa Wetu", na mkurugenzi akamshika bega mpaka mpiga picha aliporidhika. Kisha wakamkabidhi filimbi na geti. Mtu aliyemaliza ujana wake akifufua majenereta kambini akawa anafungua geti lori likija na kulifunga likitoka. Hakuna aliyemsumbua kwa kumwuliza anajua nini kingine. Wa pili, duka kubwa la vyakula, nao wakampa mlango, akague mikoba ya akina mama. Wa tatu walikuwa ofisi ya bima. Hao walimpa geti pia, ila bosi wao alikuwa mtu wa kujali: wageni wakija anamwita apige saluti, wafurahi. Siku moja wakati wa chai akamwuliza mbele ya wote, "Hebu tuambie Afande, uliua wangapi?" Watu wakacheka. Mkwe akaweka kikombe mezani, akavua kofia, akarudi nyumbani kwa miguu na kukaa kwenye ngazi yake.

Unaona mambo yalivyokuwa yakienda sawa. Ndipo ukaja wewe. Kwenye usaili, kwa habari nilizonazo, ulimwuliza, "Huko jeshini siku yako ilikuwaje, tangu unaamka?" Ukanyamaza akaeleza. Tena ukachukua wasifu wake uliojaa vifupisho vya kijeshi, ukakaa naye kuandika upya kila mstari kwa maneno ya watu wa kawaida. Meneja mzima huna kazi za kufanya? Alirudi nyumbani na barua inayosema "fundi wa mitambo". Nikamwuliza geti liko wapi. Akasema, "Hakuna geti, Mama." Sentensi kamili, Ndugu Meneja. Nikajua nyumba imeingiliwa.

2. Mlimpa Mama Pasi.

Simjui huyo mwanamke, lakini jina lake naliamkia na kulilalia. Naambiwa ndiye msimamizi wa chumba cha pasi, na kwamba mlimteua akae karibu na mkwe mpaka azoee. Siku za mwanzo mkwe alikuwa anasimama wima pembeni ya boila la mvuke akingoja aamriwe. Kengele ya chakula ikilia, wenzake wanaondoka, yeye haondoki kwa sababu hakuna aliyemruhusu. Kiwanda chenye akili kingemcheka, au kingemfokea kidogo ajisikie nyumbani. Mama Pasi akamwendea na sahani ya chakula, akamwambia, "Hapa hakuna amri, kaka yangu. Kikiharibika, tengeneza. Njaa ikiuma, kula. Ukikwama, mimi niko pale kwenye mashuka, njoo uniulize hata mara mia." Naye akawa anaenda kuuliza. Mtu mzima anauliza mambo, na hakuna anayemcheka. Mnafundisha tabia gani hapo?

3. Kitambaa chekundu.

Hili ndilo lililoniondolea subira. Nasikia mitambo yenu hulazimika kupumua, na mvuke ukiachiwa hupiga kishindo cha kuamsha wafu. Siku kishindo hicho kilipotokea mkwe akiwa karibu, alijikuta kifudifudi chini ya meza ya kukunjia mashuka, mikono kichwani. Mashine zikazimwa. Watu wakamzunguka. Hapo ndipo pa kumpa barua ya kumuaga, au walau jina la utani la kudumu. Lakini Mama Pasi aliwaambia wote warudi kwenye kazi zao. Kisha yeye, mwanamke mnene mwenye magoti yake mabovu, akashuka sakafuni akakaa kando ya meza, akavuta kikapu cha foronya na kuanza kukunja. Hakumgusa wala hakumhoji. Alikunja tu, huku anaongea habari za bei ya nyanya, mpaka mkono wa mkwe ukatoka chini ya meza ukachukua foronya moja, ukaikunja.

Nilisimuliwa na binti yangu, na binti yangu alisimuliwa na mkwe mwenyewe, jambo ambalo ni kosa la peke yake na nitalifikia.

Tangu siku hiyo, kabla mvuke haujaachiwa, lazima mtu ainue kitambaa chekundu juu ya fimbo na angoje mkwe aitikie kwa kichwa. Kiwanda kizima, pamoja na mabosi na madereva wa magari ya mashuka, kinamsubiri sajini mmoja atikise kichwa. Nasikia wengine sasa wanakipenda kitambaa hicho, kwa sababu kumbe nao walikuwa wakishtuka miaka yote wakiona aibu kusema. Huo ndio ubaya wa kumsikiliza mtu mmoja; wote wanagundua kuwa wana masikio.

4. Jumatano.

Mnamruhusu atoke mapema kila Jumatano akakutane na wanajeshi wengine waliostaafu pamoja na mshauri nasaha. Wanakaa kwenye duara, wanaongea. Mshahara haukatwi. Nilipouliza wanaongea nini, mkwe akasema, "Mambo, Mama. Mengine hayasemeki, lakini yakisemwa yanapungua." Sikuwa nimemwomba ufafanuzi.

5. Matokeo nyumbani.

Sasa njoo uone mlichokitengeneza. Mkwe anaongea. Anamwuliza mke wake siku imekwendaje, na akijibiwa anangoja mpaka mwisho wa jibu. Anawasaidia watoto hesabu. Ameingia jikoni, jikoni kwangu, akapika, na chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha, kwa hiyo sikupata hata pa kuanzia. Anaimba akioga, kwa sauti ambayo ingekuwa siri ya jeshi kama jeshi lingekuwa na huruma. Lile kabati ambalo nilikuwa nalifungua kwa funguo zangu alilitengeneza mlango, sasa linafunguka kwa kuvutwa tu, hata na mtoto. Na asubuhi moja, mbele za watu, aliniuliza, "Mama, dawa ya presha umekunywa?" Mimi, mkwe aniulize dawa. Nilikuwa sijanywa, lakini hilo halihusiani.

Binti yangu naye ameharibika kwa kuambukizwa. Amerudi kushona nguo za harusi na anacheka peke yake kwenye cherehani. Jioni wanakaa wote wawili nje, na nikipita wananyamaza kidogo kwa heshima, halafu wanaendelea.

6. Pigo la mwisho.

Jumapili iliyopita mkwe alileta kiti akakiweka mbele yangu, akakaa. Akanitazama usoni. Akasema, "Mama, wewe ndiye uliyetubeba. Nilikuwa sioni, lakini nilikuwa nasikia. Uliacha nyumba yako kwa ajili yetu. Sasa ukitaka kurudi kwako ukapumzike, sisi tutaweza. Na ukitaka kubaki, hapa ni kwako." Alisema kwa adabu yote, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu matusi ningeyajibu.

Elewa kilichotokea, Ndugu Meneja. Nimestaafishwa. Nimestaafu mara ya pili, bila hafla wala bango. Kesho yake nilisimama katikati ya jikoni nikitafuta kitu cha kuamuru, sikukiona. Watoto walikuwa wameshavaa. Chai ilikuwa imeshachemka. Binti yangu akanikumbatia kwa nyuma akasema, "Kaa Mama, leo kaa tu." Nikakaa. Sikujua mikono niiweke wapi.

Mnawapokea wanaotoka vitani, vizuri. Nani anampokea mwanamke ambaye vita vyake vimeisha kwa sababu upande wake umeshinda?

Kwa sababu hizo, nadai yafuatayo bila kuchelewa. Kitambaa chekundu kishushwe na mvuke upige unavyotaka. Mama Pasi ahamishiwe mahali ambapo hakuna binadamu wa kuonewa huruma, mathalani idara ya fedha. Jumatano irudishwe kuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Na mkwe wangu apewe geti. Kama kiwanda hakina geti, jengeni. Kampuni ya vifaa vya ujenzi niliyoitaja itawauzia kila kitu, na maputo nadhani wanayo ya ziada.

Nikipata jibu lako la maandishi nitashukuru. Nisipolipata, nitajua barua iko kwenye trei.

Nisalimie wafuaji, wakunjaji, madereva wa magari ya mashuka, na mlinzi wako wa mlangoni, ambaye nakusihi umwulize alikuwa nani kabla hajawa mlinzi. Mama Pasi naye msalimie, salamu chache, za lazima.

Wako katika kudai haki,

Mama Mkwe wa Afande,
Karani Mkuu (Mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Mkwe amerudi kutoka kazini sasa hivi, ameketi bila kuvua viatu, na ametuambia kwamba wakubwa wako wanataka mpango huu wa kuwaajiri wanajeshi waliostaafu ufutwe, eti unakula muda wa uzalishaji, na kwamba wengine wawili wanaotoka jeshini waliotarajiwa kuanza kazi mwezi ujao, mpishi na dereva mwanamke wa malori ya jeshi, waandikiwe kwamba nafasi hazipo. Anasema umewapinga kikaoni na umebaki peke yako.

Kwa hiyo chana kurasa zote zilizotangulia. Ukiulizwa, sema hukuzipata. Kitambaa kisishushwe hata sentimita moja, Mama Pasi asiguswe, na hao wakubwa wakitaka kujua mpango huo unazalisha nini, niite kwenye kikao chao. Nitakuja na binti yangu, na nitaongea mimi. Wapokeeni wote wawili. Nasikia huyo dereva hana ndugu hapa mjini, hasemi, na analala na viatu. Jumamosi narudi nyumbani kwangu, na huko kuna chumba cha mbele hakina mtu. Mwambie aje. Atakula chochote, atajibu "tayari", na sitamwuliza kitu mpaka aanze mwenyewe. Kazi hiyo naijua.