Binti Yako Ameondoka na Pumzi ya Mashine Yangu

Mama Mkwe mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako linaendelea vizuri na Baba Mkwe hajambo. Mimi ni mzima, ila biashara yangu inakufa, na baada ya kutafakari sana nimeona mhusika yuko nyumbani kwako, pengine hivi sasa amekalia kile kiti changu cha karibu na dirisha. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamika rasmi kwamba binti yako, yaani mke wangu, ameondoka na pumzi ya mashine yangu ya kusafishia mazulia.

Kabla hujacheka, nisikilize. Mashine ile, kama ujuavyo, imefungwa nyuma ya lori. Inapiga maji ya moto ndani ya zulia, kisha inayanyonya pamoja na uchafu wake mpaka kwenye tangi. Huko kunyonya ndiko kazi yenyewe. Kumwaga maji hata mimi peke yangu naweza.

Siku tuliyokosana tulikuwa kazini kwa daktari wa meno, tukisafisha zulia la chumba cha kusubiria wagonjwa. Nilikuwa namweleza daktari jinsi ninavyoitunza mashine kwa mikono yangu mwenyewe, ndiyo maana haijawahi kuniangusha. Binti yako akacheka. Tena si kicheko cha wazi, ni kile cha puani, unakijua, nadhani amekirithi kwako. Tulipofika kwenye lori nikamwambia kama kazi yangu inamchekesha basi akapumzike, mimi na mashine tunatosha. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akachukua mkoba wake, akaja kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu siku hiyo mashine haivuti. Zamani ukiweka kiganja kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea, kukibandua ni kazi. Siku hizi hata chembe ya mkate inakataa kuondoka kwenye zulia. Mashine inalia kama mtu mwenye mafua. Kuna mwalimu mkuu mmoja, mama mpole kabisa, alikanyaga zulia lake kesho yake likafanya chwa, chwa, soksi zikalowa. Akanipigia simu kunieleza kwamba aliomba kusafishiwa zulia, hakuomba bwawa.

2. Nimefanya kila linalowezekana. Nimebadilisha mkanda. Nimekata mpira ukawa mfupi ili hewa isichoke njiani. Nimeegesha lori likitazama upepo, majirani wakaniangalia weee mpaka wakachoka. Nimemwita fundi, naye badala ya kutengeneza akaniuliza kama nimesafisha machujio. Nikamjibu, kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa kubwa, kwamba kile kikapu cha kunasa nywele pale mpira unapoingilia tangini nakikung'uta kila siku, na asinifundishe kazi. Alinitazama, akafunga boksi lake la vifaa, akaenda zake.

3. Hapa na wewe unahusika, Mama, uniwie radhi. Kila jioni tukirudi kazini, mimi huingia ndani kunywa chai, binti yako hubaki nyuma ya lori mpaka chai yake inapoa. Akiingia mikono imelowa na hasemi kitu. Mimi si mjinga. Najua alikuwa anakupigia simu mkinisengenya, kisha ananawa mikono kujifanya alikuwa na shughuli. Naomba ukiri tu, nitasamehe.

4. Ana tabia ya kupoteza vitu vyangu. Mswaki wangu wa zamani, ule wa bluu, ulitoweka bafuni. Nilipomuuliza alisema umepata kazi. Jamani! Mswaki umepata kazi! Hayo ndiyo majibu ninayovumilia katika ndoa hii, na wewe hujawahi kunisikia nikilalamika, isipokuwa leo na ile mara nyingine.

Kwa hiyo, Mama, jambo liko wazi. Alipokuwepo mashine ilivuta, alipoondoka haivuti, basi alichoondoka nacho ni nini? Naomba umkague mkoba. Ukikuta chochote kinachovuma, ni changu. Naomba pia pumzi hiyo irudishwe haraka, na kwa kuwa ni kitu chepesi kupotea njiani, ni vizuri ailete yeye mwenyewe, akae nayo hapa, asiondoke tena. Nasema hivi kwa ajili ya biashara tu. Mambo mengine ya nyumbani yako sawa. Jana nilitengeneza chai vikombe viwili kwa mazoea, nikavinywa vyote kwa ukaidi, usingizi ukagoma.

Nisalimie Baba Mkwe, mashemeji wote, majirani wanaonijua na wanaonisikia tu, hata yule paka wenu asiyenipenda. Binti yako usimsalimie. Mwulize tu anaendeleaje, halafu unijulishe.

Ni mimi mkweo mtiifu, niliyedhulumiwa,

Mwenye Lori

Tanbihi: Mama, nilikwenda kwenye lori kutafuta ushahidi wa kuambatanisha na barua hii. Nikafungua kifuniko cha juu cha tangi, ambacho sijawahi kukifungua tangu ninunue mashine. Mle ndani kuna chujio lingine. Lilikuwa limejifunika vumbi, nyuzi na nywele za nyumba zote nilizopita tangu yeye aondoke, hewa haina pa kupenya. Pembeni yake, umefungwa kwa uzi, ulikuwa unaning'inia mswaki wangu wa bluu, nyuzi zake zimelika kwa kusugua.

Aibu niliyoisikia siwezi kukuandikia. Kisha nikalisugua chujio mpaka mikono ikalowa, nikawasha mashine, ikaunyakua ukurasa wa pili mkononi mwangu, ndiyo maana umekunjamana hivyo. Ningeandika barua nyingine lakini karatasi zimeisha, kwa hiyo naomba uifute hii yote, kuanzia namba moja mpaka saini.

Mwambie mswaki nimeuona. Mwambie mashine inavuta, hivyo kwa kazi simhitaji tena, lakini chai bado natengeneza vikombe viwili, na hicho cha pili leo kimenishinda kukinywa.