Vita vya Bonge la Ndizi kwenye Ngome ya Héritière

Nyamazeni, enyi majirani wa ukuta wa mbao, na ninyi mulioketi juu ya mawe meusi ya volkano! Wekeni chini bidoni za maji. Mwenye kupeta muchele apete polepole, na mwenye redio aizime, kwa maana yanayosemwa ndani yake mumekwisha kuyasikia. Huko wanasimulia vita vya wakubwa. Mimi, Tate Thérèse, nitawasimulia vita ambavyo redio haikuvipata: jinsi bonge la ndizi lilivyobisha hodi kwenye ngome ya mujukuu wangu Héritière, likafukuzwa, likarudi, na mambo makuu yaliyotokea siku ya Mungu, baada ya misa.

Nani hamujui Héritière? Héritière Fizi-Tupu, mwana wa binti yangu Rosine, mutambaaji wa sakafu, muangusha-vikombe, aliyezaliwa milimani Masisi wakati watu wanafunga magodoro, akateremka mugongoni mwa mama yake na hakuuliza tunaenda wapi! Katika dunia hii alijua maziwa mawili tu: ziwa la mama yake na ziwa Kivu, na katika yote mawili hakuwahi kukutana na jiwe. Maana kule njiani, tulipokuwa tunalala kwa watu, buyi ya masoso, ule uji wa mahindi, mutama na soya, tuliuchuja kwa kipande cha shuka mpaka ukapita kama maji, kwa hofu asipaliwe gizani mahali pasipo na muganga. Na tulipofika hapa, kwenye nyumba yetu ya mbao upande wa Lac Vert, kando ya barabara ya Sake, tuliendelea kuchuja, kama mutu anayeendelea kulala na viatu ingawa safari imekwisha.

Desturi nyingine pia tuliibeba kutoka njiani. Mutoto alikula wa kwanza, peke yake, na sisi wakubwa tukakaa tumemuzunguka, midomo imefungwa, tunasindikiza kila kijiko kwa macho. Chakula chetu tulikula akisha kulala, ili asitamani kisichokuwako. Lishikeni neno hilo vizuri, lina kazi mbele.

Basi, mama yake, Rosine Mwenye-Mukeka, alikuwa amepata nafasi ya kuuzia sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, kule sokoni Birere, katikati ya zile kelele ambamo pikipiki na mahubiri huingia kwa sikio moja. Nafasi yenyewe ilikuwa pana kama mukeka, haizidi. Lakini nyumba nzima ilikula juu ya mukeka ule. Na adui wa mukeka ule alikuwa nani? Buyi! Ile buyi nyepesi ilipita tumboni mwa Héritière kama mugeni asiyepewa kiti. Kabla jua halijasimama katikati, mutoto alikuwa analia tena kilio cha kupasua bati, na pikipiki inatumwa Birere kumurudisha mama yake. Mwisho mama anayesimamia safu ile ya sambaza akasema bila kuzunguka: "Rosine, yangu ni haya: kuanzia lundi ushinde hapa mpaka jioni. Ukiondoka tena katikati ya siku, mwingine anatandika, na mimi sina mikono ya kumutandua."

Na infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa ametuambia waziwazi kwamba mutoto wa umri ule anatakiwa apewe chakula chenye mabonge malaini, chakula cha kufanya kinywa kifanye kazi. Hivyo kila mutu akajua: lundi, kesho yake siku ya Mungu, isitukute na kitambaa cha kuchujia mukononi.

Nikajifunga kitenge. Nikasimama mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, moshi ukinizunguka kama wingu la Nyiragongo, nikapaaza sauti: "Ewe kiazi kitamu chenye moyo wa njano, uliyelisha mama yangu na mama ya mama yangu, simama nami leo!" Nikakichemsha mpaka kikakata tamaa. Nikakiponda kwa kanya, ule uma wa mezani, nusu tu, nikaacha vibonge kama punje za mahindi, laini na vitamu. Nikanyanyua kijiko. Ngome ikafunguka. Kijiko kikaingia.

Ndipo ulimi ukagusa bonge la kwanza.

Phrrruu!

Nimesikia silaha nyingi katika maisha yangu. Ile ya kutupa mbali namna ile sikuwa ninaijua. Kiazi kikapanda, kikapita juu ya meza, kikatua kwenye miwani ya mume wangu Papa Damien, muzee wa Masisi, bwana wa ng'ombe waliobaki katika mazungumzo tu.

"Nimepigwa," akasema Papa Damien, bila kusogea.

"Damu ao kiazi?" nikauliza.

"Kiazi."

"Basi utaishi."

Siku iliyofuata nikageukia hila, maana jemadari aliyeshindwa mbele ya mulango hujaribu dirisha. Nikaficha vibonge ndani ya buyi, chini kabisa, kama wanavyoficha vitu chini ya unga wale wanaovuka mupaka. Lakini ole wangu! Ulimi wa Héritière ulikuwa mutu wa duane, mutoza ushuru wa mupakani. Ulipekua kila kijiko. Buyi iliyokuwa na haki ya kupita ikapita. Bonge likarudishwa mudomoni, moja, halafu lingine, yakapangwa pale kwenye kidevu kama mizigo iliyokamatwa. Na yeye ananitazama usoni, hana hasira hata kidogo, kama mutu anayefanya kazi yake tu.

Hapo baraza likaitishwa. Akaja jirani yetu Mama Olive, binti wa Butembo, Sauti-Inayovuka-Bati, aliyesafiri na magunia ya maharagi barabara zote za Kivu na hajawahi kushindwa na dereva. Akasimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni, akahutubia.

"Mama Thérèse, unamubembeleza adui! Kwetu Butembo mutoto wa namna hii tunamufunga pua kidogo, kidogo tu! Akifungua kinywa apumue, tya, chakula kiko ndani. Atashukuru akiwa mukubwa."

"Hata ng'ombe hafungwi pua," akasema Papa Damien, akipangusa miwani ambayo ilikuwa safi tangu jana.

"Ng'ombe wako wako wapi, niende niwaulize?"

Mama Olive mwenyewe akajishika mudomo. Lakini Papa Damien akaanza kucheka, cheko la polepole linaloanzia tumboni, na sisi wote tukapumua.

Mimi nikasimama nikajibu: "Mama Olive, nimekusikia, na ninajua unamupenda mutoto huyu. Lakini kinywa chake si mulango wa kuvunja. Katika inchi hii milango imevunjwa ya kutosha. Huu tutabisha hodi mpaka mwenye nyumba afungue mwenyewe."

"Na lundi?" akauliza Rosine kutoka kizingitini. Alikuwa anachambua sambaza, hakuinua kichwa. "Lundi itabisha hodi, mama? Ao itaingia tu?"

Mama Olive akachukua hotuba yake, akaenda kwake.

Ikafika siku ya Mungu. Tukarudi kutoka misa, jua linawaka, Papa Damien katika shati lake jeupe, lile moja, lililovuka vita vyote likiwa limekunjwa ndani ya gazeti. Na Mama Olive, aliyesema tunabembeleza adui, akaja amebeba kinu chake kichwani bila kuitwa. "Sijabadili mawazo," akasema. "Nimeleta kinu tu." Akatwanga karanga zilizokaangwa, akatwanga na kutwanga, mpaka zikawa unga wenye mafuta. Mimi nikamenya kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu, zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa kama chui. Nikaziponda kwa kanya, nikaacha mabonge, nikachanganya na karanga. Harufu yake! Hata nzi walikuja kwa adabu.

Nikakalisha Héritière. Nikanyanyua kijiko. Tukamuzunguka kama kawaida yetu, wote wanne, midomo imefungwa, macho kwenye kijiko.

Ngome ikafungwa.

Nikaimba. Ngome imefungwa. Nikazungusha kijiko, nikakiweka chini, nikakichukua tena kama mutu aliyekisahau. Akageuza kichwa kushoto, nikazunguka kushoto, akageuza kulia. Rosine akatoka inje, akasimama anaangalia barabara ya muji. Ndipo mimi, niliyelea watoto na watoto wa watoto, niliyesubiri mvua, mukate wa bwana na mwisho wa vita, nikaweka kijiko chini. Nimeshindwa. Nikamupa Papa Damien mutoto mapajani, nikavuta sahani mbele yangu, maana ndizi iliyopondwa haingoji na chakula hakitupwi. Nikaanza kula, kwa vidole, kama tulivyokuwa tunakula kwetu.

Sasa mujue kwamba kwetu babu humuita mujukuu wake wa kike bibi yake. Ni mukeo mudogo, unamutania hivyo mpaka siku utakayomuchezea harusini. Basi Héritière ni mbanda wangu, muke mwenzangu, na mimi kwa desturi ninapaswa kumuonea wivu hadharani.

"Bibi yangu mudogo," Papa Damien akamunongoneza mutoto, kwa sauti ya kunifikia, "muangalie bibi mukubwa. Anakula peke yake. Hata bwana haonjeshwi."

"Bwana afungue kinywa basi," nikasema.

Akafungua. Nikachukua bonge, lile kubwa, nikamutilia mudomoni kwa vidole vyangu. Na muzee yule akatafuna! Akafumba macho, akatafuna kama mutu aliyerudishiwa ng'ombe zake zote pamoja na ndama, shavu hili linajaa, shavu lile linajaa, taya inapanda na kushuka, "mmm" inatoka puani.

Héritière akaganda.

Akaangalia taya ile. Akanyanyua mukono, akauweka palepale taya inapochezea, kama daktari. Akashika kola ya shati, akajivuta juu, akachungulia ndani ya kinywa cha babu yake. Na mimi, sahani mukononi, nikaelewa. Mutoto huyu hakuwahi kutuona tukitafuna. Tangu Masisi alikuwa anaona midomo iliyofungwa tu na macho yanayongoja. Nani angekubali chakula ambacho watu wote wanakiogopa?

Lakini simulizi haingoji machozi. Fizi-Tupu alikuwa amegeuka. Macho yake yalishuka kutoka taya ya bwana, yakafuata mukono wangu, yakafika kwenye sahani. Akanguruma.

"Eee, mbanda!" nikapiga kelele. "Hiyo ni sahani yangu! Tafuta yako!" Na nikaivuta nyuma, upana wa kidole, si zaidi, maana mbanda asiyezuiwa hana sababu ya kuiba.

Akaruka! Kutoka mapajani mwa muzee, tumbo juu ya meza, mukono ukazama ndani ya ndizi mpaka kiwiko. Akakamata. Akaingiza kinywani ngumi nzima. Rosine akatokea mulangoni. Mama Olive akabaki na mutwangio hewani. Ulimi ukagusa bonge. Tukaona uso unakunjamana. Tukaona midomo inajikusanya kwa ile phrrruu tuliyoijua. Papa Damien akainama karibu yake, na kinywa chake kilichokwisha kumeza zamani, akatafuna hewa.

Héritière akamutazama. Akatafuna naye. Kushoto, kulia, fizi kwa fizi, bonge linakwenda huku na huku kama chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, lenye makala ya kupikia, linalotafuta njia kati ya mawe.

Likashuka.

Akafungua kinywa, hakuna kitu ndani, akanyoosha mukono tena.

Vigelegele vya Mama Olive nadhani vilisikika Sake. "Nilisema mimi!" akalia, akicheza na mutwangio. "Nilisema! Pua iachwe wazi!"

Na Papa Damien, amekamatwa kola na mukono wenye ndizi, akasimama na kutangaza: "Leo, mbele ya mashahidi hawa, bibi yangu mudogo ameteka sahani ya bibi yangu mukubwa. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyehama. Vita vyote vingekuwa hivi, ningevitafuta mwenyewe!"

Lundi asubui Rosine akajipachika beseni ya sambaza kichwani. Héritière alikuwa ameketi kati yetu sisi wawili, sahani moja, mikono mitatu, sisi wote tunatafuna kwa kelele kama ng'ombe. Hakugeuka.

"Hata hanililii?" akauliza Rosine.

"Nenda, mama, kabla hajakukumbuka," nikasema.

Siku ile hakuna pikipiki iliyotumwa Birere. Jua likasimama katikati, likapita, likateremka. Jioni mama akarudi na beseni tupu, akapiga magoti mbele ya binti yake. Héritière akamutazama. Akachukua bonge kwenye sahani, akalibana vizuri mpaka likatoka kati ya vidole, akalisukuma kwenye midomo ya mama yake. Na alipoona midomo ile imefungwa, akapiga hodi kwa ngumi.

Rosine akafungua. Akatafuna. Mutoto akaweka mukono kwenye taya yake, aone kama inafanya kazi.

Miji mikubwa ina majemadari wake wa shaba. Sisi tuna doa la ndizi kwenye kola ya shati jeupe, vidole vinne vinaonekana wazi, na Papa Damien huenda nalo misa kifua mbele. Mama Olive ameonea haya doa lile, akaniletea limau la kulitoa. Nimelipokea kwa mikono miwili, nikamushukuru, nikalikamua juu ya sambaza.