Kichwa Changu kwenye Kava la Albamu

Kakese, Mpanda
Jumatatu

Mchungaji Jean-Marie,

YAH: MWENYEKITI WA KWAYA KUPACHIKA KICHWA CHANGU KWENYE MWILI WA MTU

Bwana asifiwe, Mchungaji. Natumaini mkutano wa Sumbawanga umekwenda salama na chakula kilitosha. Huku sote ni wazima, isipokuwa mimi niliyebaki kichwa.

Uliondoka tukiwa tumemaliza kurekodi albamu yetu ya kwanza, Tumevuka, ile inayosimulia wazee wetu walivyovuka mto Malagarasi wakikimbia vita. Kilibaki kitu kimoja tu, kava. Fundi wa makava wa mjini alitaja bei yake, kamati ikaguna. Ndipo Mwenyekiti wetu, Ndugu Deusdedit, aliposimama, akainua simu yake juu na kusema, "Nyie mnahangaika nini? Kava ni picha na maandishi. Vyote vimo humu." Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na mikono hii naijutia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu, kava linasema TUMEVUTA. Mwenyekiti anadai simu ilijisahihisha yenyewe. Jumamosi nilipeleka nakala stendi ya Mpanda. Dereva mmoja wa bodaboda akalisoma kava taratibu, akanitazama machoni, akauliza, "Mzee, kwaya nzima mmevuta nini?" Dawa ya Mwenyekiti ni kalamu ya wino: kila mwanakwaya achukue fungu lake, ageuze T iwe K. Nimejaribu. Imetoka herufi ambayo hata mwalimu wa darasa la kwanza hajawahi kuiona.

2. Maji. Wazee wetu walivuka maji yakiwafika kiunoni, sufuria kichwani. Mwenyekiti ametupanga kwenye meli ya watalii yenye bwawa la kuogelea, nyuma yetu maghorofa na ndege inayotua. Nilipomuuliza, akajibu kwamba picha ya Malagarasi aliyoipata ilikuwa na tope. Ndiyo, Mchungaji. Kulikuwa na tope. Ndiyo maana tukatunga wimbo.

3. Kichwa. Siku ya picha nilitoka moja kwa moja kwenye majaruba ya mpunga, nikafika na raba buti. Mwenyekiti akanipiga picha peke yangu akisema, "Usijali, Methusela, wewe nipe kichwa tu." Nilidhani ni utani. Mwili alionitafutia ni wa Ndugu Masunga: suti nyeusi, tai, mabega ya mtu aliyenyweshwa maziwa tangu utotoni. Masunga mwenyewe yumo tena upande wa pili, na kichwa chake, kwa hiyo yeye ana miili miwili na mimi sina hata mmoja.

Hilo ningelimeza. Lakini Masunga alipigwa picha ile akiwa amemshika mkono mkewe, Minza. Sasa mbele ya mkoa mzima wa Katavi, mimi, mume wa Josefina kwa miaka kumi na tisa, nimemshika Minza mkono, tena natabasamu. Josefina aliliangalia kava, akanipakulia ugali bila mboga. Jana Masunga akaja nyumbani. Akaketi, akanywa maji, akauliza kwa upole, "Methusela, ng'ombe umeleta wangapi?" Hakucheka. Na mimi sikucheka.

4. Uchapaji. Ili kubana matumizi, Mwenyekiti alichapa kwenye karatasi ya fotokopi, makava manne kila karatasi, halafu akakata kwa mkasi wa kushonea. Kwenye kava Dada Rosine amebaki na jicho moja. Wino mwekundu uliisha katikati ya kazi, naye akaendelea kuchapa, maana kazi ya Bwana haisimami. Kuanzia hapo kwaya yote ni ya kijani, kama watu walioshindwa kuvuka.

Kwa hiyo, Mchungaji, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Mauzo yasimamishwe na makava yote yachomwe hadharani, Mwenyekiti akishika kiberiti.

(b) Simu yake ifungiwe kwenye kabati la sadaka mpaka ajifunze kwamba kuwa na jembe siyo kuvuna.

(c) Kwa kuwa yeye anaamini kichwa chochote hukaa kwenye mwili wowote, kichwa chake kipachikwe kwenye dume la ng'ombe la Masunga, na picha hiyo ibandikwe mlangoni mwa kanisa.

(d) Wewe mwenyewe utangaze madhabahuni, Jumapili tatu mfululizo, kama yanavyotangazwa matangazo ya ndoa, kwamba kati ya Methusela na Minza hakuna ndoa, na mwenye pingamizi aseme sasa.

Yasipotekelezwa, najiuzulu kuimba besi, na kwaya iipachike sauti yangu kwa mtu mwingine, kama inavyojua.

Nisalimie Mama Mchungaji, watoto, wazee wa kanisa na wote wa Sumbawanga. Mwenyekiti pia msalimie ukirudi, ukikuta simu yake haina chaji.

Wako katika Bwana, na katika mwili wangu mwenyewe,
Methusela

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii mama yangu alipofika kutoka Mishamo. Akalikuta kava mezani, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Unajua baba alifariki bila kupigwa picha hata moja. Sisi tuliokuwa watoto wadogo wakati huo hatumjui sura. Mama akasema, "Huyu ni baba yako, siku ile aliyoazima suti. Nani alikuwa na picha yake?" Nikamwonyesha yule mwanamke aliyeshikwa mkono, nikaanza kueleza habari za Minza, akanikatiza: "Najua. Huyo ni mimi."

Kava ameliweka ndani ya Biblia yake, na Josefina amempikia kuku. Naomba makava yasichomwe. Niwekee sita, yale ya kabla wino haujaisha, ndugu zangu wapate kila mmoja lake. Na mwambie Deusdedit asirekebishe kitu.